Wanaogopa vita, wanakwamia noti: dhana potofu za wageni wa Lubumbashi

Dada yangu ameolewa Mbeya. Kwa sababu hiyo nyumba yetu hapa Katuba, kata ya Lubumbashi, kusini mashariki mwa Kongo (DRC), haikauki mashemeji. Baada ya mashemeji wakaanza kuja majirani zao, na baada ya majirani wakaja wafanyabiashara waliopewa namba yangu njiani. Nimewapokea wengi, wanaoshuka kwenye basi wakiwa wamechoka na safari ya Tunduma, Kapiri Mposhi, Kitwe hadi Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo. Karibu wote hufika na hofu moja kubwa isiyowahusu, kisha wanakwama kwenye jambo dogo ambalo hakuna aliyewaambia. Naandika ili anayejiandaa kuja asikwame palepale.

"Kongo ni vita"

Shemeji mmoja alikuwa akipigiwa simu na mama yake kila jioni: "Mwanangu, mizinga mnaisikia?" Mwanawe alikuwa uani kwetu, amekaa kwenye kigoda, anasubiri bukari, ugali wetu, iive.

Mizinga anayoisikia mama redioni ni ya Kivu, mashariki mwa nchi. Vita vya kule ni vya kweli na wanaoumia ni ndugu zetu, sisemi haya kuwapuuza. Lakini chukua ramani upime. Kutoka Lubumbashi hadi Goma, mji wa Kivu, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 1,100. Kutoka Goma hadi Nairobi hazifiki 900. Goma iko karibu na Nairobi kuliko ilivyo karibu na sisi. Hapa kwetu tahadhari ni zile za mji wowote mkubwa: usitembee peke yako usiku, usihesabu fedha barabarani, na teksi ya usiku mwache mwenyeji wako akuitie.

Ukubwa huohuo wa nchi huwaponza wengine kwa njia nyingine. Kuna wanaofika wakidhani watapanda basi asubuhi, wakasalimie Kinshasa na kurudi. Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa mstari ulionyooka, na hakuna lami inayokufikisha huko mfululizo. Watu huenda kwa ndege. Kwa basi nenda Likasi, karibu kilomita 120, au Kolwezi, karibu 300.

"Wakongo wanasema Kilingala, na Kiswahili chao kimeharibika"

Hizi ni dhana mbili, na ya pili inaniuma.

Kifaransa ndicho lugha rasmi. Lugha za taifa zilizotajwa kwenye Katiba ya 2006 ni nne: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Chiluba. Kilingala utakisikia Lubumbashi, hasa kwenye muziki na kwa askari, lakini lugha ya sokoni, ya kanisani, ya kubembelezea mtoto ni Kiswahili. Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na migodi ya shaba ikavuta wafanyakazi kutoka Kasai, kutoka Zambia ya leo, hata Rwanda. Hawakuwa na lugha moja ya mama. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha kwenye kambi za wafanyakazi, na watoto waliozaliwa humo wakakikuza kikawa na kanuni zake.

Kanuni hizo zinafaa kujifunza kabla ya kusafiri, maana zinapoteza watu kweli. Nilikuwa na mgeni kutoka Iringa katika soko la Kenya, hapahapa mjini. Akamwonyesha mama muuzaji rundo la majani, akauliza kama hicho ni kisamvu. Mama akajibu, "Ee, njo sombe." Mgeni akasogea. Mama akamtazama. Akasogea tena, mpaka magoti yakagusa meza. "Njo" kwetu si kuita, ni "ndiyo" au "ndiye" ya kusisitiza: njo sombe, njo yeye. Tukikuita tunasema "kuya". Ugali ni bukari, kisamvu ni sombe, mchicha ni lengalenga, mahali ni fasi, na watoto ni batoto.

Nyinyi wa Tanzania na Kenya mmeshafundishwa kwamba "Jambo" ni salamu ya watalii. Huku si hivyo. Mtu mzima akikuambia "Jambo sana" anakusalimu kwa heshima, jibu vilevile. Ukishukuru, "aksanti mingi" itampendeza. Na umri una heshima yake: mwanamume wa makamo ni papa, mama ni mama hata kama humjui, kaka au dada mkubwa ni yaya. Ukianza na bei kabla ya salamu, usishangae bei ikapanda.

Bei yenyewe itatajwa kwa Kifaransa. Hata anayeongea Kiswahili tangu asubuhi atasema "deux mille" au "cinq cents". Saa pia: "dix heures" ni ile mnayoiita saa nne asubuhi. Kariri namba za Kifaransa kwenye basi. Kati ya Mbeya na Kasumbalesa muda unao wa kutosha.

"Dola ni dola"

Hapa ndipo wageni wanapolia.

Mama mmoja mfanyabiashara alifika na noti ya dola 100 aliyoificha ndani ya Biblia tangu nyumbani. Nilimpeleka kwa mbadilisha fedha, mmoja wa wale wanaokaa pembezoni mwa barabara na meza ndogo yenye mafurushi ya franka. Kijana akaishika noti kwa ncha za vidole, akaipapasa kola ya yule bwana wa pichani, akaielekeza kwenye jua. Kisha akaonyesha kwa ukucha: pale ilipokunjwa, ukingoni, palichanika padogo kama punje ya mchele. Akairudisha kwa upole. "Mama, hii hapana." Tulizunguka kwa watu watatu zaidi. Jibu lilikuwa lilelile.

Hakuwa na noti bandia. Dola hapa hutumika kama fedha ya kila siku, na kila anayeipokea anafikiria kama atakayefuata ataikubali. Iliyochanika, iliyoandikwa kalamu, iliyogongwa muhuri au ya toleo la zamani haipiti. Noti ya dola 1 pia karibu kila mtu huikataa, hata ikiwa mpya. Lakini franka yetu hailazimiki kuwa safi. Mama yuleyule siku hiyo alirudishiwa chenji ya noti za 500 zilizolainika kama kitambaa, nyingine imeungwa kwa gundi ya karatasi, na hakuna aliyekunja uso.

Kwa hiyo omba benki ya kwenu noti mpya, zibebe zimenyooka ndani ya daftari, na changanya ndogo na kubwa: 5, 10, 20, 50. Ukinunua kwa dola utarudishiwa franka, basi uliza kwanza "taux" ya siku, yaani kiwango cha kubadilisha, kwa sababu kila duka lina chake.

Wengine husema, "Nina M-Pesa, nitatoa nikifika." Jina ni moja, mtandao si mmoja. Wakala wa hapa anahudumia laini za Kongo, zinazoanza na +243. Nunua laini ukifika na uisajili kwa paspoti. Utaona M-Pesa ya huku ina mifuko miwili, wa franka na wa dola. Angalia unatuma kutoka upi.

"Kongo imeingia Jumuiya, kitambulisho kinatosha"

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Haikufuta mpaka. Beba paspoti, na kabla hujakata tiketi uliza ubalozi wa Kongo kuhusu viza, maana inategemea uraia wako. Ukija kwa barabara, kumbuka unapita Zambia pia, na Zambia haimo katika Jumuiya hiyo.

Kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, wataitaka. Wapo wanaochanjwa upya kwa sababu kadi yao imepita miaka 10. Si lazima: tangu Julai 2016 chanjo moja inahesabika maisha yote. Ila kama ndiyo kwanza unachanjwa, kadi inaanza kufanya kazi baada ya siku 10, kwa hiyo sindano ya jana haikusaidii mpakani leo.

"Kongo ni msitu na joto"

Msitu uko kaskazini. Sisi tuko kwenye miombo, kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai unaweza kushuka hadi nyuzi 10 au chini yake. Kila mwaka natoa makoti yangu kwa watu waliokuja na mashati ya mikono mifupi. Joto lenyewe ni la Oktoba, kabla mvua hazijaanza. Mvua ni Novemba hadi Machi au Aprili. Baridi isikufanye udharau chandarua, malaria ipo.

Mambo mengine niyapitie haraka. Soketi zetu ni za matundu mawili ya mviringo, chaja yako ya miguu mitatu ya bapa haitaingia. Saa yetu iko nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa moja, na mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Nchi moja ina saa mbili, na tiketi ya ndege huandika saa ya kila mji. Usipige picha uwanja wa ndege wa Luano, mpakani, askari, wala majengo ya serikali. Vinyago vya malakiti, lile jiwe la kijani, nunua, lakini jiwe la madini ghafi liache lilipo, usiondoke nalo bila karatasi.

Barabarani tunapita kulia, wakati Tanzania na Zambia mnapita kushoto. Jambo la hatari zaidi ni hili: basi ndogo nyingi zilitengenezwa kwa nchi za kupita kushoto, mlango wake uko kushoto, kwa hiyo unafunguka katikati ya barabara. Ukishuka tazama nyuma kwanza, na mtoto mshike mkono. Waendesha pikipiki, manseba, hupita hapohapo kwenye nafasi unayoshukia.

Na ukimsikia kijana wa basi anapiga kelele "Kenya! Kenya! Kenya!", haendi Nairobi. Kenya ni kata ya mji wetu, ya soko lile la njo sombe. Mgeni wangu wa Kisumu aliposikia alisimama, akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akapanda. Alishukia sokoni, akala michopo, yaani nyama choma, ya mbuzi kwa bukari, akalipa kwa franka.