Mkulima Mwanamke Hapungukiwi Ujuzi

Baadhi ya miradi ya misaada ya kimataifa huanza na semina, kana kwamba mwanamke huvuna kidogo kuliko mwanamume kwa kuwa hajui kulima. Ripoti ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) ya mwaka 2011 ilieleza vingine: pengo hilo hutokana na uhaba wa pembejeo na huduma, na wanawake wakizipata sawa na wanaume, mavuno yao yanaweza kuongezeka kwa asilimia 20 hadi 30. Semina si mbaya, lakini mafunzo ya kutumia mbolea yatamfaa nini mtu asiyeweza kuinunua, wala kukopeshwa, kwa sababu hati ya shamba analolilima ina jina la mtu mwingine?