Je, ni lazima nimsamehe? Maswali na majibu kuhusu kinyongo na afya

Kinyongo kinaumiza mwili kweli, au ni maneno ya mimbarini tu?

Kinaumiza. Ukimkumbuka aliyekudhulumu, mwili hujiandaa kana kwamba yuko mlangoni sasa hivi: homoni za adrenalini na kotisoli zinamwagika kwenye damu, moyo unakwenda mbio, taya na mabega vinakaza, presha inapanda. Mwaka 2001 watafiti wa chuo cha Hope, Michigan, Marekani, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 71. Kila mmoja aliambiwa amfikirie mtu aliyemuumiza, mara akiuchochea uchungu, mara akijaribu kumwonea huruma na kumsamehe. Walipouchochea, mapigo ya moyo na presha vilipanda zaidi, na mwili ukachelewa kutulia hata baada ya kuambiwa waache.

Hizo zilikuwa sekunde chache za maabara. Mwenye ugomvi wa kiwanja na kaka yake huuwasha moto huo kila anapoliona jina lake kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Pamoja na hayo, msamaha si tiba ya presha. Dawa ulizoandikiwa endelea kuzimeza.

Nikimsamehe, si nitakuwa nimekubali kwamba alichofanya ni sawa?

Hapana. Kusamehe huanza kwa kukiri kwamba ulikosewa. Kama hukukosewa, hakuna cha kusamehe. Aliyeuza shamba la urithi kwa siri amewadhulumu nduguze, wawe wamemsamehe au hawajamsamehe. Unaweza kumsamehe na bado ukaenda Mahakama ya Mwanzo kudai fungu lako la mirathi. Unaweza kumsamehe jirani aliyekopa akayeyuka, na asipate tena hata shilingi yako.

Robert Enright, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison ambaye ameutafiti msamaha tangu miaka ya 1980, hutenganisha kusamehe na kupatana. Kusamehe kunafanywa na mtu mmoja moyoni mwake. Kupatana kunataka wawili, na yule mkosaji aonyeshe kwa matendo kwamba anaaminika tena. Vikao vyetu vya ukoo huvichanganya hivi viwili: mnaitwa, mnasomewa "yaliyopita si ndwele", mnashikishwa mikono, soda zinafunguliwa, yamekwisha. Kwa ugomvi wa mpaka wa shamba huenda ikatosha. Kumfanyia hivyo binti aliyebakwa na mjomba wake ni kumuumiza mara ya pili, na kesi yake inazikwa hapo hapo.

Mume wangu ananipiga, kisha analia na kuomba msamaha. Mama mkwe anasema nivumilie.

Dada, hapa suala la kwanza ni usalama wako. Mtu anayeendelea kukuumiza hajafika mahali pa kusamehewa. Bado yumo kwenye tendo lenyewe. Tafuta pa kukaa kwanza. Tanzania, vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na fomu ya PF3, ile ya kwenda nayo hospitali ili majeraha yako yaandikwe, hutolewa huko huko polisi. Ukiwa umejeruhiwa vibaya, tangulia hospitali. Kenya, piga 1195 bila malipo. Kwa mtoto, nchi zote mbili zinatumia 116. Mengine yatazungumzwa ukiwa mahali ambapo hakuna mkono unaokufikia.

Basi nianzie wapi?

Njia moja iliyopimwa vizuri ni ya Everett Worthington, mwanasaikolojia wa Marekani. Alikuwa tayari anafundisha msamaha mama yake alipouawa na mtu aliyevunja nyumba yake, wakati wa mwaka mpya wa 1996, kwa hiyo alilazimika kuijaribu mwenyewe. Daftari la kujisomea lenye njia yake lilijaribiwa kwa watu 4,598 katika nchi tano, zikiwemo Afrika Kusini na Ukraine. Matokeo yaliyotoka 2024 yalionyesha kwamba dalili za sonona na wasiwasi zilipungua.

Chukua daftari, andika kilichotokea kama unavyokikumbuka, bila kupaka rangi. "Alichukua laki tatu za kikoba, akasema ameibiwa," siyo "yule ni shetani." Kisha jaribu kuandika kisa hicho kwa macho yake: alikuwa na shida gani, aliogopa nini? Hapa ndipo wengi hukwama, na hakuna haja ya kujilazimisha. Kuelewa si kumtetea. Baadaye kumbuka siku wewe ulikosa na mtu akakuachilia, ukaona ulivyopumua. Ukifika mahali pa kutoa zawadi kama hiyo, iandike na tarehe yake, au mwambie mtu unayemwamini. Mkosaji mwenyewe si lazima ajue.

Usianze na jeraha kubwa kuliko yote. Anza na shemeji aliyekusema vibaya kwenye send-off.

Nilishasema nimesamehe, mbona hasira zinarudi?

Zitarudi. Mnakutana msibani, mnakaa turubai moja, unamsikia akicheka, tumbo linajikunja. Worthington anaeleza kwamba uamuzi wa kusamehe unaweza kufanyika leo, lakini hisia hufuata kwa mwendo wake. Kwa hiyo uamuzi wako haukuwa wa uongo. Toa pumzi taratibu, ndefu kuliko uliyovuta, mara kadhaa, kisha usome tena ulichoandika.

Amekufa bila kuniomba radhi.

Bado inawezekana, maana kazi yote hii iko upande wako. Wengine humwandikia marehemu barua, wakaisoma kwa sauti na kuichana.

Lini nimwone mtaalamu?

Usingizi ukikukatikia kwa wiki kadhaa, tukio likikurudia ndotoni, au ukianza kuhitaji pombe ili utulie. Ukipata mawazo ya kujiua au ya kumdhuru mtu, nenda leo hii, tena na mtu wa kukusindikiza. Hospitali za rufaa za mikoa huwa na huduma ya afya ya akili. Sheikhe au mchungaji naye anaweza kukusikiliza vizuri. Akikuambia urudi kwa anayekupiga, mwage, utafute mwingine.