Copenhagen na ahadi ya 2025: yanayosemwa na yaliyotokea

Dhana: Mji wenye fedha na nia haukwami.

Mwaka 2012 baraza la jiji la Copenhagen, nchini Denmark, lilipitisha mpango wa kuufanya mji huo uwe mji mkuu wa kwanza duniani usioongeza hewa ukaa, ifikapo 2025. Mwaka 2022 jiji likakiri kwamba tarehe hiyo haifikiki. Sehemu kubwa ya hesabu ilikuwa imetundikwa kwenye mtambo mmoja wa kunasa hewa ukaa, uliopangwa kujengwa katika tanuri la taka la Amager Bakke. Kampuni ya tanuri hilo, mali ya manispaa tano, haikutimiza masharti ya kifedha ya kupewa ruzuku na serikali kuu. Naona hatari hii inazungumzwa kidogo mno: jiji ndilo linaloahidi mbele ya watu, ilhali ufunguo wa hazina uko mfukoni mwa mwingine.

Dhana: Basi juhudi zote zimekwenda bure.

La. Hewa ukaa ya mji imepungua kwa zaidi ya nusu tangu 2005.

Dhana: Ukiacha makaa ya mawe ukachoma mbao, hewa ukaa ni sifuri.

Sifuri hiyo iko daftarini. Karibu nyumba zote za Copenhagen hupata joto kutoka kwa maji ya moto yanayopita kwenye mabomba chini ya mitaa, na kituo cha umeme na joto cha Amager kimehama kutoka makaa hadi vipande vya mbao. Moshi unatokea hapo hapo mjini, ila kanuni za kimataifa zinataka hewa ukaa ya kuni iandikwe kule mti ulikokatwa. Mti huchukua miongo kukua tena. Kanuni ikibadilika, sifuri ya jiji inageuka deni kwa siku moja.

Dhana: Kuchoma taka ili kupata umeme na joto ni faida tupu.

Plastiki hutokana na mafuta na gesi ya ardhini; ikiungua hutoa hewa ukaa kama petroli. Tena tanuri kubwa halishibi. Amager Bakke, lililoanza kazi 2017, limewahi kuchoma taka zilizoagizwa kutoka Uingereza. Wakazi wakitenganisha taka vizuri, tanuri linapungukiwa, na mkopo wa kulijenga bado unadai.

Anayeambiwa Dar es Salaam au Nairobi kwamba tanuri ndiyo dawa aulize hayo kwanza. Taka zetu kwa sehemu kubwa ni maganda ya ndizi, mboga zilizooza na makombo ya chakula: zimejaa maji, haziwaki vizuri, na shambani zingekuwa mboji.