Ile maji nyekundu ku sahani haiko damu, tafazali

Juzi tena. Papa mmoja wa hapa Himbi, jirani kabisa, alikuya na bibi yake na wageni toka Butembo kusherehekea komunyo ya mtoto, akakata steki, akaona wekundu, akaniita mbele ya watu wote: "Shefu, hii ngombe munaniletea mi njo niimalize kuiua?" Meza nzima kicheko. Nilicheka pia, kisha nikarudi mu kuizini na hasira zangu, juu ni miaka 11 napika vya Kifaransa hapa Goma na hiyo maneno imenichosha.

Zamani haikutuuma. Himbi ilikuwa ya ma-ONG, mashirika ya musaada, bazungu banaagiza saignant, yenye inaiva inje tu ndani inabaki nyekundu, bila kuuliza kitu. Toka waasi wa M23 kuingia mu mji mwezi wa kwanza 2025 wengi walienda zao, na sasa mwenye kujaza meza ni jirani, yule yule alikuwa anapita inje anasema kule banakula damu, sahani kubwa chakula kidogo, vyote vya Ulaya. Sahani kubwa, sawa, sibishi. Vya Ulaya? Nyama ya Masisi, fromaji ya Masisi, viazi vya huku huku. Hata sambaza, ile samaki ndogo yenye munaita ya kwetu, ililetwa mu ziwa Kivu toka ziwa Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950. Tupite.

Damu sasa. Damu inabakia kule banachinjia, ngombe anakatwa shingo inamwagika, yenye inabaki mu nyama ni kidogo sana. Ile unaona ku sahani ni maji ya nyama yenyewe, na rangi inatokana na mioglobini, inakaa ndani ya musuli kuushikia oksijeni, musuli wa kazi nyingi unakuwa nayo mingi. Angalia kuku: kifua cheupe, paja nyeusi-nyeusi, juu paja njo inatembea. Mbona hamusemi paja iko na damu? Na siku unachinja huyo kuku, kinga damu yake mu bakuli, ngojea kidogo, inaganda kama uji wa jana. Ya steki wacha hata saa nzima, itabaki maji. Joto likipita digrii 60 hivi rangi inageuka kahawia, basi, ni hiyo tu!

Lakini niseme na hii, vitabu vya kuizini vinairuka. Mufaransa akiandika saignant anawaza nyama yenye ilitundikwa mu baridi wiki mbili ao tatu mpaka ikalegea. Yangu imekufa leo asubuhi, imepanda milima maisha yake yote, na umeme ukienda frigo inakuwa kabati. Uipike saignant, utatafuna ndala. Tena kuna tegu, mutoto wake anaweza kujificha mu nyama ya ngombe na digrii 50 za saignant hazimuui. Kwa hiyo jirani mwenye anaogopa, sababu yake ya damu ni uongo, ila woga wake uko na akili, na hiyo njo inaniuma zaidi ya matusi. Ukiigandisha siku 10 ku digrii 10 chini ya sifuri mududu anakufa, lakini ikiyeyuka inatoa maji nyekundu mara mbili, na jirani anasema si unaona!

Mi naikalisha mu frigo siku nne, naipika katikati, si saignant si ya kukauka, naipumzisha dakika 5 mbele ya kukata, juu bila hiyo maji yote inakimbilia ku sahani na kesi inaanza upya. Kama inatosha kumuua tegu? Wa busheri, mwenye kuniuzia, ananiapia nyama ilipimwa. Niko na kiapo chake, basi.

Steki ya papa niliirudisha ku moto mpaka ikawa kiatu, akaimaliza anaisifu. Bibi yake njo alibakia na ile ya katikati, akaikula yote kimya, hakuniangalia hata mara moja.