Walitafutwa Baharini, Wakafia Jangwani: Kumbukumbu ya Lady Be Good

Ukumbusho wa Runnymede, nchini Uingereza, una majina ya wanajeshi wa anga zaidi ya 20,000 waliopotea katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia na ambao makaburi yao hayajulikani. Wengi wao walikuwa katika ndege za mabomu, kazi iliyowapeleka usiku juu ya bahari na nchi za adui, mahali ambapo ndege ikianguka hapakuwa na mwenzao wa kushuhudia. Jinsi watu hao walivyokuwa wakipotea inaonekana wazi zaidi katika mkasa mmoja uliotokea barani Afrika.

Alasiri ya tarehe 4 Aprili 1943, ndege ya mabomu ya Marekani aina ya B-24, iliyopewa jina la Lady Be Good, iliondoka kiwanja cha Soluch nchini Libya kwenda kushambulia Naples, Italia. Ilikuwa na watu tisa, na hiyo ndiyo ilikuwa safari yao ya kwanza ya vita wakiwa pamoja. Wakati wa kurudi, usiku, rubani aliomba kwa redio aelekezwe njia, akapewa nyuzi 330, yaani upande wa kaskazini-magharibi, kutoka kituo cha redio cha Benina nchini Libya. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba antena ya kituo ilionyesha mstari tu, bila kubainisha ndege iko upande upi wa mstari huo, kwa hiyo ndege iliyokwisha kuvuka pwani ilidhaniwa kuwa bado iko baharini. Mafuta yalipokaribia kwisha, mnamo saa nane za usiku, waliruka kwa miavuli, wakatua katikati ya jangwa, mamia ya kilomita kusini mwa kiwanja chao.

Msako ulifanyika baharini, na haukuambulia kitu. Mabaki ya ndege yalionekana kutoka angani mwaka 1958, na watu walipoyafikia mwaka uliofuata walikuta redio na bunduki bado zinafanya kazi, na maji yaliyobaki yananyweka.

Waliotua hawakujua ndege iliangukia wapi. Mwavuli wa mmoja wao haukufunguka sawasawa, naye akafa papo hapo. Wanane waliobaki walikusanyika wakaelekea kaskazini, wakiamini kwamba pwani haiko mbali. Shajara ya rubani msaidizi, Robert Toner, inaeleza kwamba walikuwa na nusu chupa ya maji, na kila mtu alipata kifuniko kimoja kwa siku. Njiani waliacha viatu na vipande vya miavuli vilivyopangwa kama mshale na kukandamizwa kwa mawe, ili watakaowatafuta wafuate. Watano waliishiwa nguvu baada ya zaidi ya kilomita 100. Watatu wakaendelea mbele. Msomaji wa leo asiharakishe kuwalaumu kwa kutokwenda kusini ilikokuwa ndege, maana hakuna hata kimoja katika walivyovijua kilichowaelekeza huko.

Mwaka 1960 ilipatikana miili minane. Vernon Moore, mpiga bunduki, hakupatikana, na jina lake limo kwenye ukuta wa waliopotea katika makaburi ya Wamarekani huko Carthage, Tunisia.

Ndege yenyewe ilitambuliwa kwa namba iliyoandikwa mkiani. Kwa sababu hiyo, anayekuta mabaki ya ndege ya vita asing'oe wala kuhamisha chochote, hata kipande kidogo cha bati. Atoe taarifa kwa mamlaka, kwani huenda pana mabomu ambayo hayajalipuka, na mahali kilipolala kila kitu ndipo wachunguzi huanzia kuwatafuta waliokuwamo.