Dawa na kipokezi: kushika siyo kuamsha

Dhana iliyozoeleka zaidi ni ile ya kufuli na ufunguo: kipokezi, yaani sehemu ya seli inayoshikwa na dawa, ni tundu lisilobadilika, dawa inaingia, kazi imekwisha. Emil Fischer alitumia mfano huo mwaka 1894 akieleza vimeng'enya (protini zinazoharakisha kemia ya mwili), na kwa mwanafunzi anayeanza unafaa. Tatizo ni kuishia hapo. Kipokezi ni protini, na protini haitulii. Hujikunja na kujikunjua hata kabla dawa haijafika. Dawa hukikuta katika mojawapo ya maumbo hayo na kulifanya lidumu.

Ndiyo sababu si kweli kwamba dawa inayoshika sana ndiyo inayofanya kazi sana. Naloksoni, dawa ya kuokoa aliyezidisha mofini, hukaa palepale mofini inapokaa, kwenye kipokezi cha opioidi (dawa za jamii ya mofini) aina ya myu, tena hushika barabara. Lakini haikipeleki kwenye umbo la kuiamsha seli. Kila mofini inapoachia, naloksoni inachukua nafasi, na mtu aliyezidisha dozi anaanza kupumua tena. Kushika bila kuamsha ndiko kunakomwokoa.

Wengine hudhani badiliko dogo katika kipokezi halina uzito, kwa kuwa protini ina mamia ya asidi amino, yaani vijenzi vyake. Hapa ndipo panaponivutia kuliko kwingine kote. Kipokezi aina ya A cha GABA, kemikali inayotuliza ubongo, kimeundwa kwa vipande vitano, na diazepamu, dawa ya kupunguza hofu, hujipachika kwenye mpaka wa kipande cha alfa na cha gama. Alfa 1, 2, 3 na 5 zina asidi amino iitwayo histidini mahali fulani katika mpaka huo. Alfa 4 na 6 zina nyingine, arginini, na diazepamu haizigusi. Mwaka 1999 watafiti walichapisha matokeo ya panya waliobadilishwa histidini hiyo moja tu katika alfa 1. GABA yenyewe iliendelea kufanya kazi, ila diazepamu haikuwasinziza kama kawaida, huku ikiendelea kuwapunguzia hofu. Asidi amino moja ilitenganisha kusinzia na kupungua kwa hofu, athari ambazo tulizoea kuziona zikija pamoja.

Na ile imani kwamba dawa ya moyo huenda moyoni tu? Dawa husambaa na damu, hushika popote inapokuta umbo linaloikubali. Vipokezi vya beta 1, vilivyo vingi moyoni, na beta 2 vya mirija ya mapafu, vina kishimo cha kushikia kinachofanana karibu kabisa. Propranololi, dawa ya moyo inayoziba vipokezi hivi, haibagui kati yao: inapunguza mapigo ya moyo, na kwa mwenye pumu inaweza kubana njia ya hewa kwa kiasi cha kuhatarisha maisha. Atenololi, ya kundi hilohilo, hupendelea beta 1, lakini upendeleo huo hufifia dozi ikipanda. Mwenye pumu anayeandikiwa dawa yoyote ya kundi hili amweleze daktari hali yake kabla hajameza kidonge cha kwanza.