Klachi ya mafuta kwenda kebo: anza kwa kupima foki

Corolla DX, ile KE70 ambayo Wakenya hawaichoki, huletwa karakanani kwangu na ombi lilelile: toa injini ya 4K ya cc 1,290, weka 4A-GE ya cc 1,587 yenye vali 16 pamoja na giaboksi yake ya T50, kama ilivyokuwa kwenye Corolla AE86. Injini yenyewe hukubali kukaa. Kazi iko kwenye klachi, kwa sababu T50 hiyo huja na klachi ya mafuta, na DX ninazozipokea zina pedali ya kebo.

Ukipata pedali na klachi ya juu (pampu ya mafuta iliyo kwenye pedali) inayotoshea, weka mafuta na usihangaike. Ila wapo wateja wanaotaka kebo ibaki, hasa wanaokwenda safari za mbali: haivuji, haihitaji kutolewa hewa, na kebo ya akiba inakaa chini ya kiti. Hao nawaelewa, na kazi yao naipenda. Sharti langu ni moja: bracketi ya kushikilia kebo haichomelewi kabla sijajua foki, yaani mkono ulio kwenye giaboksi unaoachanisha klachi, inatembea milimita ngapi.

Hesabu yenyewe ni hii. Tuseme klachi ya juu ni ya inchi 5/8 na ya chini, ile inayosukuma foki, ni ya inchi 13/16, saizi ambazo utazikuta kwenye Toyota nyingi, mara nyingi zimeandikwa kwenye chuma chenyewe. Eneo la pistoni ya chini ni mara 1.69 ya ile ya juu. Fimbo ya pedali ikiingia milimita 25, pistoni ya chini inatoka kama 15 tu, lakini nguvu imeongezeka kwa mara hizohizo 1.69. Kebo haina zawadi hiyo. Ukivuta 25 juu, unapata karibu 25 chini, na mguu unabeba mzigo wote. Kwa hiyo ukifunga kebo bila hesabu, pedali inakuwa nzito na foki inapitiliza, hadi vidole vya presha pleti vinaegemea kitovu cha klachi pleti.

Dawa iko kwenye pedali. Ndoano ya kebo isogezwe karibu na pini ya juu, ile ambayo pedali huzungukia. Pedali yenye milimita 260 kutoka pini hadi pale mguu unapokanyaga, ndoano ikiwa milimita 40 kutoka pini hiyo, inapunguza mwendo mara 6.5. Kanyaga 130, kebo inavuta 20. Toa 3 za uchezaji (ulegevu kabla foki haijaguswa), toa kama 2 zinazopotea kwenye mikunjo ya kebo, foki inabaki na 15 zake.

Sasa mwelekeo, na hapa ndipo wengi hukwama. Klachi ya chini huisukuma ncha ya foki kurudi nyuma. Kebo inatoka mbele, na uzi wake, yaani waya wa ndani, huvuta kwenda mbele. Nimeona watu wakiipitisha kebo chini ya giaboksi na kuikunja kama herufi U ili ivute kutoka nyuma. Msuguano wa mkunjo ule unaila kebo mapema.

Mimi hutumia ganda la kebo lenyewe, ule mrija wa nje. Ganda linakaa upande wa mbele wa foki, uzi unapenya tundu kwenye foki, kisha unafungwa na nati kwenye bracketi iliyoshikwa na bolti za giaboksi, nyuma yake. Ukikanyaga, uzi hauendi popote, umefungwa. Ganda ndilo linalosogea nyuma na kuisukuma foki, upande uleule uliokuwa unasukumwa na mafuta. Tundu liwe refu kidogo, na kikalio cha ganda kiwe cha mviringo, maana foki hubadilisha pembe ikitembea. Ukishatoboa, chomelea kipande cha bati nene kuzunguka tundu, kwa kuwa foki imepoteza nyama. Na ganda liachiwe ulegevu wa kusogea. Likibanwa na klipu karibu na foki, klachi haifanyi kazi.

Upande wa juu, ganda husukuma bati linalotenganisha injini na kabini. Bati la DX ni la zamani na mara nyingi lina kutu. Mwambie mtu akanyage pedali huku wewe umeweka kidole pale: ukilisikia linapumua, weka bati la kuongezea nguvu. Kila milimita inayomezwa pale haifiki kwenye foki.

Usisahau springi ya kuirudisha foki. Kwenye mafuta, pistoni hujirudisha yenyewe kadiri pleti inavyolika. Kebo haijirekebishi. Pleti ikilika, vidole husogea kuifuata beringi inayosukumwa na foki, uchezaji unakwisha, na klachi inaanza kuteleza.

Halafu waya wa athi kati ya injini na bodi. Ukisahauliwa baada ya kubadilisha injini, umeme wa stata hutafuta njia nyingine, na kebo ya klachi ni njia. Plastiki ya ndani inayeyuka na pedali inakuwa ngumu. Mtu hubadilisha kebo mbili tatu kabla ya kuangalia athi.

Mwisho napima kwa rivasi, kwa kuwa haina sinkronaiza, kile kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia kabla hazijaingiana. Injini ikiwa sailensa, yaani ikinguruma bila mguu kwenye eksileta, nakanyaga klachi hadi chini, nasubiri sekunde chache, naingiza. Ikilia, mwendo haujatosha, naenda kwenye nati ya nyuma. Gari linarudi kwangu baada ya wiki mbili hivi kurekebishwa tena, kwa sababu kebo mpya hulegea kidogo inapozoea njia yake.